Mrama, Pogo na Kombo

Lugha ya watu wa bahari haikosi maneno ya kukieleza kitu kisichosimama wima. Chombo kikichezewa na mawimbi, kikalalia ubavu huu na kuinukia ubavu ule, twasema kinakwenda mrama. Kikiwa kimepakiwa vibaya, magunia yote yamerundikwa upande mmoja, kikaelea kimeinama hata bahari ikiwa shwari, twasema kinakwenda pogo. Na ikiwa ubao wenyewe ulikatwa kwenye mti usionyooka, fundi akauchonga na kuupiga randa na bado ukakataa kulingana na mwenziwe, basi ubao huo una kombo, na kombo yake haiondoki kwa kuhamisha shehena wala kwa kungoja bahari itulie. Neno hili la mwisho tumelizoea visiwani hata tukawapa watoto wetu kuwa jina, na akina Kombo wamejaa kila mtaa, wengi wao wakiwa watu walionyooka kuliko sisi tuliobaki.

Nilikuwa nikiyatumia maneno haya matatu kwa mazoea tu, kama atumiavyo mtu kijiko na upawa, mpaka nilipotakiwa kufasiri karatasi ya maelekezo ya darubini ya bunduki. Hapana shaka msomaji atauliza mtu wa mashairi ana nini na bunduki. Sina. Sijapata kufyatua risasi hata moja maishani mwangu, na mnyama mkubwa niliyewahi kumwandama ni mbuzi wa jirani aliyeingia shambani. Lakini mfasiri hachagui kila jambo la kufasiri. Mengine huletwa na mkate, na mengine, kama hili, huletwa na damu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amefanya kazi miaka mingi katika kambi ya uwindaji wa kitalii kusini mwa Tanzania bara. Alianza kwa kubeba mizigo, akapanda kuwa mfuata nyayo, kisha akakabidhiwa pia utunzaji wa bunduki za kambi: kuzisafisha, kuzitia mafuta, kuzifunga darubini zao na kuzifungua. Usiku mmoja alinipigia simu, na kwa namna alivyonisalimia nilijua kuna jambo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko?"

"Kwema, mjomba, ila wanasema nimeifunga darubini upande. Mgeni amemjeruhi kongoni kwa mbali, tumemfuata mpaka jua limezama na hatukumpata. Mgeni anasema nyuzi za darubini zimeinama. Na mwenye kuifunga ni mimi."

Kanuni ya wawindaji wote wenye adabu ni kwamba mnyama aliyejeruhiwa hufuatwa mpaka apatikane. Anayefuata nyayo, akiinamia tone la damu juu ya jani, si mgeni aliyelipa. Ni watu kama mpwa wangu. Siku hiyo walirudi mikono mitupu na mnyama amebaki porini na maumivu yake, na juu ya hayo ikaja shutuma. Kijana yule hakuniomba fedha wala maneno ya kumliwaza. Aliniomba nimfasirie karatasi iliyokuja na sanduku la darubini, iliyoandikwa kwa Kiingereza, apate kujua yeye mwenyewe kama ana kosa au hana. Aliipiga picha kwa simu, akaniletea.

Nieleze kwanza kitu chenyewe. Ndani ya darubini ya bunduki, mahali ambapo sura ya kitu cha mbali hujikusanya na kuwa wazi, zimewekwa nyuzi mbili nyembamba zinazokutana katikati, mmoja wima na mmoja wa kulala. Mwenye kulenga hukiweka kile anachokilenga pale zinapokutana. Nyingi siku hizi si nyuzi hasa, bali ni mistari iliyochorwa juu ya kioo; lakini zamani zilikuwa nyuzi kweli, na uzi uliopendwa kuliko nyuzi zote ulikuwa wa buibui. Mwingereza William Gascoigne, mnajimu kijana aliyeuawa katika mapigano ya Marston Moor mwaka 1644, aligundua jambo hili bila kulitafuta: buibui alitandaza uzi wake ndani ya darubini, naye alipochungulia jua akauona uzi na jua kwa uwazi uleule mmoja. Miaka 300 baadaye, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani bado walikuwa wakiwafuga buibui weusi wenye sumu ili wapate nyuzi za vyombo vya kulengea. Yule tunayemfagia darini kila Ijumaa ameupimia ulimwengu nyota zake, mashamba yake na vita vyake.

Karatasi ya Kiingereza iliziita nyuzi hizo kwa jina la msalaba. Nililiacha jina hilo. Si kwa sababu ya dini, maana kila msomaji angelielewa. Bali kwa sababu msalaba hubaki msalaba hata ukilala chini, na mimi nilitaka jina ambalo ndani yake mna madai ya kusimama. Nikaandika "uzi wa wima" na "uzi wa kulala". Uzi wa wima usiposimama wima, jina lake lenyewe litaushitaki.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Karatasi ilisema kwa kifupi kwamba nyuzi zikionekana zimeinama, legeza pete za darubini, izungushe mpaka zinyooke, kisha kaza. Neno moja tu, kuinama, kana kwamba kuinama kote ni kumoja. Nikalifasiri sentensi kwa sentensi, na nilipomaliza nikaona nimemfasiria mpwa wangu hukumu ya hatia. Maana kama kila kuinama hutibiwa kwa kuizungusha darubini ndani ya pete zake, basi kila kuinama kumesababishwa na aliyeifunga.

Nikaiacha karatasi, nikaenda kuvitafuta vitabu na maandishi ya watu wanaovijua vyombo hivi, nikasoma kwa siku kadhaa kama nilivyozoea kusoma kila nilichopata kukijua, peke yangu na kamusi. Nilichokipata ni kwamba nyuzi zaweza kuonekana zimeinama kwa sababu tatu, na kila sababu ina makazi yake.

Ya kwanza iko mikononi mwa mlengaji. Aiwekapo bunduki begani huilaza ubavu kidogo, nayo darubini ikalala pamoja nayo; au huishika bunduki sawa, lakini kichwa chake ndicho kilichoinama, akaona dunia yote imekwenda upande. Bega la mtu si meza ya seremala, na kila mwili una ulalo wake. Huu nikauita mrama, kwani chombo ni kizima na shehena imepangwa vyema, ila mawimbi ndiyo yanayokilaza.

Ya pili iko katika pete. Darubini ni bomba la duara, na bomba la duara ndani ya pete ya duara halijui juu wala chini mpaka mtu alielekeze. Tena hata likielekezwa sawasawa, mtu akizikaza skrubu za upande mmoja kabla ya zile za upande wa pili, pete hulivuta bomba na kulizungusha mbele ya macho yake. Ndiyo maana mafundi huzikaza kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule. Hii ndiyo pogo, na dawa yake ndiyo ile ya kwenye karatasi: teremsha, panga upya, pakia sawa.

Ya tatu iko ndani ya darubini yenyewe, mahali ambapo hakuna bisibisi ya kambini inayofika. Juu ya bomba kuna kifundo cha kuzungusha, ambacho hupandisha na kuteremsha mahali pa kulengea kwa ajili ya masafa. Kifundo hicho na uzi wa wima vinapaswa kufuata mstari mmoja. Vikitoka kiwandani havipatani, ukiunyoosha uzi, mwendo wa kifundo utakwenda mshazari. Ukiunyoosha mwendo wa kifundo, uzi utainama. Huwezi kuvipata vyote viwili. Hii ndiyo kombo: imo ndani ya ubao.

Maneno yalipokaa mahali pake niliona kazi ya kufasiri imegeuka sura. Kiswahili changu kilikuwa kimetenga mambo ambayo karatasi ile ilikuwa imeyatia ndani ya kapu moja. Sisemi kwamba Kiingereza ni maskini wa maneno. Mwandishi wa karatasi alikuwa na haraka, au alikuwa na kiwanda cha kukilinda. Lakini mtu mwenye neno moja kwa makosa matatu humkamata mshitakiwa aliye karibu, na aliye karibu siku zote ni yule mwenye bisibisi mkononi.

Sasa, vipi mtu atayajua makosa haya na kuyatenganisha? Kwa jicho hawezi, na hapa pana jambo la kustaajabisha. Hisia yetu ya wima haikai machoni tu. Sehemu yake kubwa imo sikioni, ndani kabisa, ambamo mna vijiwe vidogo mno vya chokaa, jamii moja na mawe ya matumbawe tunayojengea nyumba, vinavyovutwa chini na uzito wao na kuuarifu ubongo chini ni wapi. Kichwa kikiinama, taarifa huanza kuyumba. Na mwenye bunduki hulaza shavu juu ya kitako cha bunduki, akafumba jicho moja, akaikata dunia yote na kubaki na kiduara kimoja cha nuru. Ndani ya kiduara hicho hana ukuta wala mlango wa kulinganisha, ila zile nyuzi zenyewe. Mshitakiwa amekuwa ndiye shahidi pekee.

Nilikwenda kwa jirani yangu, mwashi mzee aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa wetu, nikamsimulia. Alinisikiliza akimenya chungwa lake, akasema: "Ukuta hauulizwi kama umenyooka. Huulizwa uzi."

Basi nikaandika karatasi mpya ya Kiswahili, isiyo tafsiri ya ile ya kwanza. Nikamwandikia mpwa wangu atoe risasi zote na kuchomoa komeo la bunduki, kisha aibane bunduki barabara katikati ya mifuko ya mchanga, asiiguse tena kwa bega lake wala la mtu mwingine. Aweke pima maji juu ya ubapa wa bunduki, mahali panapokaa pete, mpaka povu lisimame katikati. Hapo mrama umekwisha kuondolewa. Kisha, umbali wa hatua 50, atundike timazi mtini, uzi mnene unaoonekana vizuri, na jiwe lake alitumbukize ndani ya ndoo ya maji, ili upepo usiuchezeshe. Achungulie. Uzi wa wima wa darubini ukikingama na uzi wa timazi, darubini imefungwa pogo, na kosa ni la aliyefunga. Akiri, alegeze, azungushe, akaze kwa zamu. Nyuzi mbili zikilala moja juu ya nyingine kana kwamba ni moja, basi afungaye hana hatia, na mtihani wa mwisho ubaki: azungushe kifundo cha juu, polepole, mpaka mwisho wake, huku akitazama.

Nilimwambia asifanye peke yake. Amwite mwindaji bingwa wa kambi, na mgeni yule kama bado yupo, kila mmoja achungulie kwa zamu.

Alinipigia siku ya tatu. Nyuzi zilikuwa zimelala moja juu ya nyingine. Mwindaji bingwa alichungulia, akakubali kwamba darubini imefungwa sawa. Kisha kifundo kikazungushwa, na uzi wa darubini ukaanza kuuacha uzi wa timazi. Haukuinama. Ulibaki umesimama, sambamba na mwenziwe, lakini ukajitenga nao na kwenda kando, kidogo kidogo, kila kifundo kilipozidi kuzunguka. Walikirudisha kifundo, uzi ukarudi. Wakakizungusha tena, ukaondoka tena. Ilikuwa kombo.

Msomaji mwenye hesabu atataka kujua uzito wa kosa lenyewe. Kwa kila mita moja ambayo risasi inahitaji kuinuliwa ili ifike, mwinamo wa digrii 1 huipeleka kando kiasi cha sentimita 1 na robo tatu. Digrii 3 huipeleka sentimita 5 na kidogo. Digrii 5, karibu 9, upana wa kiganja. Kwa masafa mafupi, ambako risasi haihitaji kuinuliwa sana, kosa ni dogo kuliko tetemeko la mkono, na bunduki itatoboa katikati ya karatasi asubuhi hadi jioni bila ya mtu kushuku lolote. Ndivyo ilivyokuwa kambini: kila mgeni aliijaribu kwa mita 100 akaisifu. Kosa la namna hii hujificha karibu na kujidhihirisha mbali, na linapojidhihirisha, mnyama amekwisha kupigwa.

Nami sitaki kusema zaidi ya kilichothibitika. Hakuna aliyeweza kuapa kwamba kombo ile peke yake ndiyo iliyompoteza kongoni. Upepo ulikuwepo, masafa yalikuwa marefu, na bega la mgeni halikuwekwa juu ya mifuko ya mchanga. Uzi wa timazi haukujibu yote. Ulijibu swali moja, kwamba kufunga kulikuwa sawa, na darubini ikarudishwa kwa walioitengeneza.

Tangu hapo nimekuwa nikizitazama kazi zetu za ushairi na tafsiri kwa macho mengine. Ubeti uliofasiriwa ukichechemea, twakimbilia kumlaumu mfasiri, kwa kuwa ndiye mwenye bisibisi. Mara nyingi ni yeye kweli. Ameifunga maana pogo katika pete za lugha mpya. Lakini huenda pia msomaji ndiye aliyeushika ubeti mrama, akausoma kwa lafudhi ya gazeti ilhali ulitungwa kwa kuimbwa. Na huenda kombo imo katika darubini ambayo mfasiri mwenyewe alipewa aichungulie. Shaaban Robert (1909–1962) alipomleta Omar Khayyam katika Kiswahili hakumwona kwa Kiajemi, bali kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1859. Na FitzGerald alizichanganya beti, akaziunga, akazipanga upya apendavyo. Ufundi wa Shaaban hauna mshindani. Walakini msomaji wa Kiswahili peke yake hawezi kujua ni mahali gani uzi umeachana na timazi, kwa kuwa kila kitu ndani ya kiduara cha nuru kinapatana na chenzake. Timazi iko nje, iko Nishapur, katika lugha nyingine.

Hata katika utungo wetu wenyewe ndivyo ilivyo. Neno mizani kwa muuza duka ni chombo cha kupimia sukari, na kwa mshairi ni hesabu ya silabi. Vijana huniletea mashairi wameyahesabu kwa vidole, mishororo yote ina mizani 16, na kwa hesabu hawana kosa. Ukiuimba mshororo, pumzi ya mwimbaji hutua baada ya mizani ya nane, na mara unakuta neno limepasuliwa katikati, nusu huku na nusu kule. Vidole havikuiona kombo hiyo, kwa kuwa vidole ni vya mtunzi mwenyewe na humtii. Sauti haimtii. Wazee wetu waliokataa kulikubali shairi kabla hawajalisikia likiimbwa hawakuwa wakaidi. Walikuwa wakitundika uzi.

Ile karatasi ya Kiswahili, kwa habari ya mpwa wangu, imebandikwa ukutani katika ghala la bunduki. Haina jina langu, nami sikulitaka liwepo. Mwindaji bingwa ameamuru kwamba kila darubini mpya ipite mbele ya timazi kabla ya kukabidhiwa mgeni, na kwamba mtihani ufuate mpangilio ule ule: kwanza mrama, kisha pogo, mwisho kombo. Mpangilio huo hauna hekima yoyote ya siri. Huanza kwa yule anayelalamika, hufuata kwa yule aliyefunga, humalizia kwa chombo. Katika ghala lile zamani walianzia katikati, na katikati ndiko anakosimama mtu wa mshahara mdogo.

Kijana ameniambia kwamba wafuata nyayo wengine, ambao hawajapata kuigusa darubini, wameyachukua yale maneno matatu na kuyapeleka kwenye mambo yao. Gari likivuta upande barabarani huulizana kama ni mrama, pogo au kombo, kisha ndipo hushuka kutazama magurudumu.